Muulize Shangazi: Kitochi Melini

Mkoba wa barua wiki hii umelowa maji chumvi. Kwa kawaida mnaniandikia habari za wakwe, mawifi na waume wanaorudi usiku wa manane. Sasa ghafla kila mtu anapanda meli ya kitalii, na swali ni moja: nibebe simu janja au niiache nyumbani? Nimezisoma zote. Nawaambia mapema kwamba ukiikwangua barua ya simu kidogo tu kwa ukucha, chini yake unamkuta mkwe yuleyule.

*Shangazi, hujambo? Nakuita shangazi kwa heshima ya safu, huenda nimekuzaa. Niko Florida kwa mwanangu, nimekuja kulea mjukuu. Wamenikatia tiketi, tunapanda meli sote Miami, siku saba, tunapita Mexico na kurudi. Simu yangu ni kitochi. Tochi yake nzuri na chaji inakaa siku nne. Mkamwana anasema bila simu ya tachi melini sitaweza hata kula. Kwani siku hizi wanapika na simu? — Mama wa Kitochi*

Sijambo, mama, na shikamoo. Wanapika na moto, ondoa hofu. Kwenye ukumbi wa kujipakulia unachohitaji ni sahani na miguu miwili, na huko hata mkamwana wako ataiweka simu mfukoni apate mikono ya kubebea.

Ila hajazua yote. Kampuni za meli zimehamishia kila kitu kwenye simu ya abiria. Ratiba ya siku, ambayo zamani mhudumu aliipenyeza chini ya mlango kila usiku, imeingia kwenye simu. Menyu imegeuka kile kimraba chenye madoadoa cha kuskani. Pasi ya kupandia, nafasi ya kuona maonyesho ya jioni, hesabu ya vinywaji ulivyokunywa: simu, simu, simu. Wanasema ni kwa raha yako. Mimi nasema wamekuajiri ukarani wa mapokezi bila mshahara, na kifaa cha kazi umekuja nacho mwenyewe kutoka kwako.

Kila kimoja kati ya hivyo kina mlango wa nyuma. Pasi mwambie mwanao aichape nyumbani kabla hamjatoka. Ratiba, nenda kaunta ya mapokezi uiombe ya karatasi. Uliza kwa sauti ya kibibi, hawawezi kukunyima. Menyu ya karatasi mwombe mhudumu. Mlango wa chumba unafunguliwa kwa kadi, na kadi hiyohiyo ndiyo unayolipia. Kampuni moja, Princess, huwapa abiria kidani cha mviringo cha kuvaa, ukikaribia mlango unajifungua wenyewe. Kidani, mama! Tumevaa vidani tangu enzi za mababu na hakuna kilichowahi kutufungulia mlango.

Shida ni kupotezana. Meli kama Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, ina sitaha 20, na ikijaa hubeba abiria 7,600. Mabwawa ya kuogelea peke yake ni saba. Huo ni mtaa mzima unaoelea, na mjukuu wako atakimbilia bwawa usilolijua. Wenzako watatumiana ujumbe kwenye programu ya meli, ambayo hufanya kazi kwa waifai ya humo ndani hata kwa mtu asiyenunua bando. Wewe fanya tulivyofanya sote kabla ya simu: saa saba mchana, penye ngazi kubwa, asiyefika hali.

Zoezi la usalama usilikwepe. Meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, watu 32 walikufa, na abiria waliopanda jioni ileile walikuwa hawajafanyishwa zoezi bado. Baada ya hapo sheria ikabadilika: zoezi ni kabla meli haijaondoka, au mara tu inapoondoka. Tangu enzi za korona kampuni nyingine zinakuonyesha maelezo kwa video, kwenye simu au runinga ya chumbani. Tazama runinga, kisha nenda kwa miguu yako mpaka kituo chako cha kukusanyikia ukaonekane. Siku ya hatari honi italia mara saba kwa mkato na mara moja kwa kuvuta. Hiyo utaisikia, na kitochi chako pia kitaisikia.

Sasa nikwambie pale ambapo kitochi kinaishinda simu janja, maana mimi mwenyewe nimeaibika. Ilikuwa Julai, kisiwa cha Cozumel, Mexico. Tuliambiwa mwisho wa kurudi melini ni saa kumi na nusu jioni. Mimi nimekula samaki, nimeshiba, nimesimama kwa mchuuzi najaribisha kofia ya tatu. Naangalia simu: saa tisa na dakika ishirini. Bado mapema, najaribisha ya nne. Mchuuzi akaniuliza niko meli gani. Nilipoitaja, alitazama gatini, akaninyang'anya kofia kichwani, akanifukuza kwa mikono miwili kama mtu anayefukuza kuku.

Simu yangu, kwa ujuzi wake, ilikuwa imeshika mtandao wa nchi kavu na kujirekebisha saa bila kuniuliza. Jimbo ilimo Cozumel halichezei saa zake tangu 2015, kwa hiyo Miami ikisogeza zake wakati wa kiangazi inakuwa mbele kwa saa nzima. Meli ilikuwa bado na saa za Miami. Saa ya meli ni ile anayoitangaza nahodha, haijali simu yako imeamini nini. Nilikuwa na dakika kumi, na gati lile ni refu kuliko swala ya tarawehe. Nilikimbia viatu mkononi, leso imefungwa kiunoni. Juu sitahani kuna watu ambao kila bandari hukaa tayari na simu zao, kazi yao ni kuwarekodi wachelewaji. Walipiga vigelegele. Ndani, mhudumu aliniambia kwamba asiyefika, wao hufungua kasha la chumbani kwake wakatafuta pasipoti, wakamwachia wakala wa bandarini, nao wakaenda zao. Video ya mbio zangu ninayo. Sikuipiga mimi.

Kwa hiyo nenda na kitochi chako, mama, na uvae saa ya mkono. Ilinganishe na ya meli asubuhi, kisha usiiguse.

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu anafanya kazi Dubai. Anasema kampuni inawapeleka safari ya meli mpaka Doha na kurudi, siku nne, na kwamba baharini hakuna mtandao kabisa, nisijisumbue kumtafuta. Nimwamini? — Mke Mvumilivu, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Uongo huo ulikuwa na maisha marefu na mazuri. Bibi zetu waliaga jahazi likienda na kusi, wakakaa miezi mpaka kaskazi imrudishe mtu, na ikiwa huko ng'ambo alioa, habari zilikuja na jahazi la mwenzake. Hata meli za juzijuzi zilikuwa na mtandao wa kutambaa kama kobe, na mume mwerevu aliutumia kobe huyo vizuri. Kisha Agosti 2022 Royal Caribbean ikatangaza kwamba inafunga mitambo ya intaneti ya Starlink kwenye meli zake, na nyingine zikafuata. Leo mtu aliye katikati ya bahari anatazama mpira.

Nimtetee kidogo: bando la melini si bei ya bando la Tanga, na mwanamume anayehesabu senti anaweza kuamua kukaa kimya siku nne. Lakini meli ikifika Doha inafunga gatini, na gatini kuna mtandao kama mwingine wowote. Tena saa za Doha ni sawasawa na saa za Tanga, kwa hiyo hata kile kisingizio cha "nilidhani umeshalala" hana.

Usimuulize yuko wapi. Mtu akiulizwa yuko wapi hujitayarisha. Muulize mhudumu wa chumba amemkunjia mnyama gani jana. Kwenye meli hizi wahudumu hukunja taulo zikawa tembo, nyani, sungura, na kumweka mnyama kitandani jioni. Hakuna mtu mzima aliyewahi kumkuta tembo wa taulo juu ya kitanda chake asimpige picha kabla hajavua viatu. Asipokuwa na picha ya mnyama, niandikie tena. Kuna wakili namfahamu.

*Shangazi, niko kwenye magrupu 14 ya WhatsApp, pamoja na kamati ya harusi ya binamu yangu ambako nilisema hali ni ngumu mwaka huu. Mke wangu ameshinda safari ya meli kazini kwake, na mimi nakwenda kama mwenzi. Nibebe simu au niizime mpaka nirudi? — Mwanakamati, Nairobi*

Yako si tatizo, izime au iwashe. Tatizo ni simu ya mkeo. Utakuwa umejificha chumbani kama mhamiaji haramu, naye yuko sitahani anaweka stetasi, na kwenye kona ya picha linaonekana tumbo lako na kikombe chenye kimwavuli.

Usimlaumu lakini. Kiu ya kutuma salamu kutoka baharini ni ya zamani kuliko WhatsApp, na ni ileile iliyojaza kadi za salamu kwenye redio zetu. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, fundi wa mtambo wa redio wa Titanic, Jack Phillips, alikuwa amezongwa na lundo la salamu za abiria akizituma kituo cha Cape Race, Newfoundland: tumefurahi, tunawasili siku fulani, msalimie fulani. Meli ya jirani, Californian, ilipomkatiza kumwambia kuna barafu, aliiambia inyamaze, ana kazi. Fundi wa Californian akazima mtambo akalala. Yaliyofuata unayajua.

Lipa mchango wa harusi kabla hujaondoka, kaka. Ni nafuu kuliko bando.

Barua fupifupi nazijibu kwa mkupuo. Wewe wa Mwanza uliyeletewa bili ya kutisha na hukupiga simu hata moja: meli ina mnara wake mdogo wa simu humo ndani unaopitia setilaiti, na simu yako iliudandia peke yake, ikaanza kupakia picha zako zote za harusi ukiwa umelala. Ukipanda tu, bonyeza kialama cha ndege, kisha uwashe waifai peke yake. Ndiyo, ndege, hata kama uko melini, sikukitunga mimi. Wewe unayeuliza kama ubebe ekstensheni ili familia nzima ichaji: wataichukua getini, kampuni nyingi zinaogopa moto. Na wewe uliyeidondosha baharini ukijipiga selfi kwenye kizuizi cha sitaha, pole. Hapana, meli hairudi nyuma.

*Shangazi, shikamoo. Kijana wangu alipata kazi ya usafi wa vyumba kwenye meli ya watalii huko Karibiani. Ni mwezi wa tano sasa. Simu nzuri anayo, nilimnunulia mimi. Anapiga mara moja kwa wiki mbili, dakika tatu, anapiga miayo. Wageni wake nawaona mtandaoni kutwa wanacheka. Amenisahau? — Mama Likoni*

Marahaba, dada. Hajakusahau. Abiria yuko likizo, mwanao yuko kazini siku saba kwa wiki, asubuhi vyumba na jioni vyumba tena, mkataba wa miezi mfululizo. Akimaliza saa nne usiku, kwako Likoni ni saa kumi na moja alfajiri. Nadhani amekaa mara nyingi na simu mkononi akasema, nisimwamshe mama. Mwambie kwamba saa hiyo umeshaamka, unachemsha maji.

Kuhusu gharama, Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 ulirekebishwa mwaka 2022, na tangu Desemba 2024 unawataka wenye meli wawape mabaharia intaneti kadiri inavyowezekana, na kama wanatoza, watoze bei ya haki. Bei ya haki ni neno pana, najua. Kwa hiyo wewe usimngojee apige. Mtumie sauti kwenye WhatsApp, ndefu, umweleze nani kaolewa, mbuzi kazaa, feri imekwama tena. Ataishusha akipata waifai ya bure bandarini, kisha aisikilize chooni, kitandani, akipangusa vioo vya watu.

Na kama umesoma barua ya yule mke wa Tanga hapo juu, wale tembo wa taulo hawajikunji. Vijana wa kazi kama ya mwanao hukunja kitanda kwa kitanda, jioni baada ya jioni, na wageni hupiga picha. Muulize ameshajua wanyama wangapi. Mwombe akutumie picha ya mmoja, aliyemkunja akikuwaza wewe. Halafu toa taulo moja kabatini uiweke tayari, akija likizo akuonyeshe anavyoanza na masikio.