Springi za Jangwani, Safari ya Sokoni

Mfyuu! Mmeliona hilo Land Cruiser lililopita? Limeinuliwa hata mamake mwenye gari apandia kigoda. Na laenda wapi? Malindi, sokoni. Kilomita kama 15 za lami, uvuke daraja la Sabaki umefika. Springi za kuvukia jangwa, kununulia nyanya!

Usinitolee macho, ami. Majani mazito yale ya springi za nyuma yametengenezwa kubeba mzigo. Usipoyatwika hayapindi, na tuta zima walimeza wewe kwa uti wa mgongo. Malori ya chumvi ya Gongoni yana majani manene zaidi, na yakishiba chumvi yaenda kwa heshima. Yaangalieni yakirudi matupu: makelele mtaa mzima, bodi larukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Toyota wenyewe walilijua hilo. Mwaka 1999 Land Cruiser la kazi lilivuliwa majani ya mbele likapewa koili. Nyuma yakaachwa, kwa sababu nyuma ndiko mzigo ukaako. Waingereza walikuwa washatangulia: Range Rover ya 1970 ilitoka na koili pembe zote nne, na porini ilipita. Springi laini yenye mwendo mrefu ndiyo ilishushayo gurudumu hadi chini ya shimo, likashika ardhi. Sasa huyu adhaniaye ugumu ndio uanaume wa gari, aka! Hata huko porini kwenyewe amekosea.

Na kule kuinua? Uzito wote umepanda juu. Kata kona uone linavyolala, tena kusi ikikupiga ubavuni pale darajani. Pembe za magurudumu ya mbele nazo zimebadilika. Fundi asipozirekebisha, usukani haurudi wenyewe, gari latangatanga. Tairi zile pana za makucha ni nzito. Gurudumu zito likirushwa na tuta, shoksi yapata taabu kulirudisha chini, na gurudumu lisilogusa lami halifungi breki.

Wenye Probox msicheke! Nyinyi mwatia spesa juu ya springi, shoksi ni zile zile za zamani. Gari limepanda, na shoksi imeshavutwa karibu na mwisho wake kabla safari haijaanza. Ikifika shimoni haina pa kuteremkia. Ko! Kisha mwalaumu barabara ya serikali.

Eti lakini mchanga wa kule Che Shale? Toa upepo kwenye tairi mpaka chini ya PSI 20, ikanyage mchanga kwa upana, pita polepole. Ukirudi lamini jaza tena, maana tairi laini ikikimbizwa huchemka hadi ikapasuka. Kipampu cha kuchomeka ndani ya gari chatosha. Fundi wako wa springi hatakwambia hilo, ami. Watoto wake wale nini?