Laptopu ya Harusi na Mazishi

Laptopu yangu ya zamani ilikuwa na waajiri wawili. Katikati ya wiki ilishinda kibandani kwangu, mjini Bariadi, ikichapa barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikoba na ratiba za mazishi. Jumamosi ilikwenda harusini, Itilima au Maswa, ikawa DJ. Msimu mmoja wa pamba ikafa. Fundi alipoifungua alivuta kutoka kwenye feni donge jeupe, laini, akalining'iniza kwenye ncha ya bisibisi.

“Kaka, hii ni laptopu au jineri?”

Mkoa wetu wa Simiyu ndio unaosifika kwa pamba nchini. Msimu ukifunguliwa, mwezi wa tano, nyuzi hukutana nawe kwenye nywele, kwenye shati, kwenye chai. Feni yangu ilikuwa imejikusanyia mgao wake bila kupitia ushirika wa AMCOS.

Sikulia sana. Ilikuwa na RAM ya GB 4 na diski ile ya kuzunguka, na Virtual DJ ikianza kufunguka nilikuwa na muda wa kumaliza sahani ya pilau na kuomba maji ya kunawa. Harusi moja wimbo uliganda maharusi wakiwa katikati ya ukumbi. Wapambe, ambao walikuwa wamefanya mazoezi mwezi mzima, wakabaki na mguu mmoja hewani. MC akawaambia wageni kwamba ndiyo staili mpya kutoka Dar es Salaam. Wageni wakapiga makofi.

Habari za kwamba natafuta nyingine zilifika mtaani kabla yangu. Mpwa wangu alitaka yenye taa za rangi kwenye kibodi. Mwalimu jirani alisema “i7 tu, mengine ni umaskini,” bila kuuliza ni i7 ya kizazi gani. Ile ya kizazi cha nne inaweza kuachwa mbali na i5 ya kizazi cha nane, na Windows 11 rasmi haiitaki. Windows 10 nayo Microsoft ilishaacha kuihudumia Oktoba 14, 2025. Babu yake mke wangu ndiye aliyeuliza swali la maana.

“Hiyo mashine ni ng'ombe wangapi?”

“Mtamba mmoja, babu.”

“Inazaa?”

“Haizai.”

Akanisikitikia kwa Kisukuma, kirefu.

Sharti langu mimi lilikuwa SSD, diski isiyozunguka. Mwaka 2022 Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft, alisimulia kwamba enzi za Windows XP wimbo wa Janet Jackson, “Rhythm Nation”, ulikuwa ukizimisha laptopu za aina fulani, hata ile iliyokaa jirani bila kuucheza: mtetemo wa wimbo uliendana na wa diski, diski ikapoteza mwelekeo. Huyo ni Janet Jackson, kwa spika za laptopu. Sasa leta singeli na spika zinazomfika bwana harusi kidevuni.

Nikapanda basi kwenda Mwanza. Muuzaji akanitolea ThinkPad T480 iliyotumika Ulaya: i5 ya kizazi cha nane, RAM GB 8, SSD, na betri mbili, moja unaichomoa na kuweka nyingine mashine ikiwa inafanya kazi. Bei ilishuka haraka mno, nikatazama kibodi. Ya Kijerumani. Y na Z zimebadilishana viti.

“Utazoea, bosi,” akasema, akapunguza tena elfu hamsini. Kwa elfu hamsini mtu anazoea mengi.

Tatizo ni kwamba mimi huandika nikiangalia vitufe, na Windows yenyewe ilikuwa imepangwa kwa Kiingereza. Wiki ya kwanza kibanda kilitoa “Ratiba ya Mayishi”, kadi yenye “yawadi zenu ni fedha taslimu”, na tangazo la kwaya ya “Zesu”. Mteja mmoja alirudi na tangazo la msiba, kidole kikiwa juu ya mstari.

“Umeandika ‘familia zetu’. Marehemu alikuwa na familia moja.”

Mama aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akakohoa.

Kwenye muziki, lakini, sina la kulalamika. Harusi ya kwanza ilikuwa Lamadi. Virtual DJ ikafunguka kabla sijaketi, maharusi wakaingia na miguu yote miwili. Saa nne usiku umeme ukakatika. Laptopu haikutikisika, betri mbili, nyimbo zinakwenda, mawimbi ya sauti yanapita kwenye skrini. Spika ndizo zilizokufa. Nikawa mtu pekee ukumbini mwenye muziki, ndani ya hedifoni, nachanganya nyimbo kwa ufundi wa hali ya juu, gizani.

Wazee hawakunisubiri. Wakaburuta ngoma zao hadi katikati, vumbi likapanda, bibi harusi akavua viatu. Umeme uliporudi hakuna aliyegeuka kuniangalia, ila baba wa bwana harusi, aliyekuja na daftari la kamati kutaka kujua kama malipo ya muda ule wa ngoma nitayakata kwenye bei yangu, au nitawapelekea wapigaji mwenyewe.