Mhadhara wa Profesa Mtarajiwa Kuhusu Pombe, Usukani na Bima

Waheshimiwa madereva wa Tabora, wenye Noah, wenye Canter, na nyinyi wa bodaboda mliokuja mkidhani kuna pilau: mwangaluka! Anayesimama mbele yenu ni Profesa Mtarajiwa wa Bima, Barabara na Vileo, cheo nilichojitunuku baada ya vyuo vyote kuchelewa. Upande wa bima, nimeisoma hati yangu mbele na nyuma. Upande wa vileo, utafiti ni wa vitendo, na bado unaendelea.

Swali la leo: mtu akitiwa hatiani kwa kuendesha gari amelewa, bima yake inapanda kiasi gani?

Msomi huanzia ughaibuni. Uingereza, mlevi wa usukani hugongewa alama ya DR10 kwenye leseni, nayo hukaa humo miaka 11. Kampuni za bima zikiiona, ama zinaongeza bei ama zinamwonyesha mlango. Marekani, majimbo mengi humdai mkosaji cheti kiitwacho SR-22 cha kuthibitisha kwamba ana bima, na bei hupaa hapohapo. Maskini Wazungu.

Sisi tumewapita mbali! Bima ndogo ya gari binafsi ni shilingi 118,000 kwa mwaka: 100,000 pamoja na VAT ya asilimia 18. Shehe analipa hiyo, mchungaji analipa hiyo, na yule aliyelala na gari lake mtaroni njia ya Sikonge analipa hiyohiyo. Bima kubwa nayo hupigwa kwa thamani ya gari, kwa kawaida asilimia 3.5. Gari la milioni 20 ni 700,000. VAT ikiingia, 826,000. Linalopimwa ni gari, si mwenye kulishika usukani. Ugunduzi huu nimeuita Nadharia ya Unyanyembe, na naomba uandikwe hivyo.

Historia inaniunga mkono. Mwaka 1857 Burton na Speke waliingia Kazeh, yaani hapahapa, na wapagazi waliojitwisha mizigo kutoka pwani. Katika maandishi yao yote sijaona mpagazi aliyedaiwa nyongeza ya bima kwa ajili ya wanzuki. Stanley alifika 1871, Livingstone akakaa Kwihara miezi kadhaa 1872: kimya vilevile. Mnataka ushahidi gani tena?

Naona kijana wa nyuma, wakala wa bima, amenyoosha mkono tangu nilipotaja shehe. Haya, sema, lakini kwa ufupi.

Anasema bei haipandi kwa sababu mlevi halipwi. Anadai mkataba wa bima kubwa una kipengele: dereva akipatikana amelewa, gari lake kampuni hailigusi. Kikomo cha sheria, anasema, ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Ukivuka hapo ukaipinda Noah ya milioni 20, milioni 20 hizo ni zako. Na uliyemgonga je? Huyo sheria ya bima ya magari, Sura ya 169, inamlinda: akishinda kesi, kampuni inamlipa. Kisha inakugeukia wewe kudai fedha zake. Na fomu ya maombi ikikuuliza kama umewahi kutiwa hatiani ukaandika hapana, umeipa kampuni sababu nyingine ya kukukana.

Mnapiga makofi? Anapigiwa yeye?

Tulieni. Kijana hajaipinga nadharia, ameikamilisha, na jina lake nitalitaja kwenye tanbihi. Nilisema bei haipandi, na kweli haipandi. Kinachopanda ni deni, ambalo ni somo la muhula ujao. Mwingereza analipishwa ulevi wake kidogokidogo, kila mwaka. Sisi tunalipishwa mara moja, kwa kuuza kiwanja. Watani zangu Wazaramo wasicheke, sheria ni hiyohiyo mpaka Bagamoyo.

Kwa hiyo natoa agizo la kitaalamu. Ukinywa Ipuli, gari lilale Ipuli. Funguo mpe mke, au mwenye baa kama mke amekasirika, kisha uite bodaboda ikupeleke nyumbani. Ila mwangalie kwanza dereva wake usoni: kama ni yule mliyekuwa meza moja tangu saa kumi, tembea kwa miguu.