Heshima ya Mchuchumio

Ukiulizia kiatu cha ofisini kisichouma, muuzaji wa Kariakoo anakuapia: "Dada, kitajiachia tu." Kitajiachia lini, hasemi. Na sheria ya kusimama kutwa kwa mchuchumio, bila shaka, imeandikwa na bwana aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka, kavua viatu chini ya meza. London, mwaka 2015, mhudumu wa mapokezi Nicola Thorp alirudishwa nyumbani bila malipo kwa kwenda kazini na viatu vya flati. Kilitakiwa kisigino cha inchi 2 hadi 4. Sisi huku hatugombani na sheria hiyo. Chungulia nyuma ya kaunta saa nane mchana: juu suti imenyooka, chini yeboyebo. Bosi akipita, heshima inavaliwa, akigeuka, inavuliwa.