Betri ya Mdogo Wangu

Nyumbani kwetu Kataki, mjini Kalemie, mashine ni moja na wanaoitunza ni wengi. Ni kompyuta mpakato ya mdogo wangu. Aliinunua ikiwa imekwisha tumika, ikavuka ziwa kutoka Kigoma, ili aandikie kazi yake ya kumaliza masomo katika Chuo Kikuu cha Kalemie. Anaandika juu ya maji ya Tanganyika yaliyoingia katika nyumba za watu wa mwambao. Mwanzoni betri ilimpa saa tatu za kuandika. Baada ya miezi kadhaa ilikuwa ikizimika kabla bukari haijaiva. Nyumba nzima ikaamua kuiokoa, kila mtu kwa elimu yake.

Wa kwanza alikuwa Mama. Aliikuta ikichajiwa juu ya godoro, akaona vumbi la kiangazi linaipanda, akaifunika kwa kitenge kizito kama mtoto mwenye homa. Chumba kile hakina dari, juu ni bati tupu. Mdogo wangu aliporudi mchana aliikuta moto hata haishikiki. Tulimweleza Mama taratibu: betri hizi ni za lithiamu, zinapochajiwa, chembe za lithiamu huhama upande mmoja kwenda wa pili, na unapozitumia hurudi. Joto huamsha mambo mengine humo ndani, yanayokula uwezo wa betri moja kwa moja, na betri iliyojaa pomoni ndiyo huumia zaidi.

“Basi mngeniambia mapema,” Mama alisema, akikunja kitenge chake. “Mimi adui ninayemjua ni vumbi.”

Akafuata Papa. Yeye ni mzee wa reli, ile iliyofika hapa kutoka Kabalo mwaka 1915, na betri amezishika tangu ujana. Sheria yake ilikuwa moja: usiilishe mpaka iishe kabisa. Usiku mmoja umeme ulirudi mashine ikiwa na asilimia 40. Papa akachomoa waya ili betri ife kwanza. Punde umeme ukakatika tena, na mashine ikazimika katikati ya sura ya pili, kurasa za usiku huo hazijahifadhiwa. Mdogo wangu alilia.

Lazima niseme kwamba Papa hakubuni. Betri za nikeli na kadimiamu za zamani zilikuwa na tabia hiyo: ukizichaji kila mara kabla hazijaisha, baadhi yake zilipunguza uwezo wao. Elimu yake ilikuwa ya kweli kwa betri zake. Ya lithiamu huchoka ukiikausha mara kwa mara, na huchoka pia ikikaa siku nzima imejaa. Hupenda kuishi kati ya asilimia 20 na 80.

Simu nazo zilikuwapo. Umeme wetu hutoka mbali, kwenye mitambo ya Bendera, na ukikosekana watoto walichomeka simu zao ubavuni mwa mashine. Simu ya jirani nayo ikaja, kisha ya shangazi wa jirani. Betri ikawa inajaa na kuisha, inajaa na kuisha, kwa ajili ya mtaa.

Halafu ikavimba. Sehemu ya kugusia kwa kidole iliinuka, kifuniko kikagoma kufunga. Mume wangu akaleta msumari.

“Nitoboe kidogo tu, hewa itoke.”

“Baba, hapana! Weka chini!”

Ile si hewa ya kawaida. Ni gesi inayoweza kuwaka, na msumari ukigusanisha matabaka ya ndani, moto huweza kutokea hapohapo. Tuliizima mashine, fundi akaitoa betri bila kuikwaruza, tukaiweka uani ndani ya ndoo ya mchanga mkavu, mbali na jiko la makala.

Kungoja betri nyingine kutoka ng’ambo ndiko kulikoniuma. Kobalti ya betri nyingi za namna hii hutoka Kolwezi, maana nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Lithiamu imelala Manono, ndani ya jimbo hilihili la Tanganyika. Nilipomwambia Papa, aliinama kwa muda mrefu. “Kwa hiyo tunanunua udongo wetu,” alisema. Tangu siku betri mpya ilipofika, ina mlinzi.

Mashine sasa hukaa sakafuni, kwenye saruji, juu ya vipande viwili vya mbao ili upepo wa ziwa upite chini yake. Mwanga wa kioo umepunguzwa, na intaneti huzimwa mdogo wangu anapoandika. Simu zimepata kibao chao kidogo cha jua, na shangazi wa jirani tumemwelekeza huko. Mama hufunika mashine kwa kitenge ikiwa imezimwa na kupoa, wala hakuna anayemzuia. Umeme ukirudi, hata usiku wa manane, Papa hutoka na tochi, huchuchumaa mbele ya kioo na kuhesabu mpaka aite:

“Themanini! Toa!”

“Nimetoa, Papa,” mdogo wangu hujibu, na vidole vyake havisimami. Amefika sura ya nne, inayohusu mto Lukuga.