Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: Tunaomba na Hesabu ya Wanaorudi

Mheshimiwa Waziri,

Kwa taadhima zote uniwie radhi kukutoa kwenye majukumu mazito ya taifa kwa ajili ya mtu ambaye, kwa mujibu wa kadi yake ya kliniki, amekwisha kupona.

Sisi wananchi wako tunashukuru. Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ianze mwaka 2015, wengi ambao zamani wangepelekwa India hupasuliwa hapahapa Dar es Salaam. Kila tukitajiwa idadi yao, tunapiga makofi. Ningeendelea kukusifu, ila nachelea yasije yakawa ya mgema na tembo lake.

Kwa ruhusa yako, nauliza moja tu: wangapi kati yao hulazwa tena ndani ya siku 30?

Sithubutu kukufundisha; unao madaktari. Watakueleza kwamba aliyekaa ICU wiki kadhaa baada ya upasuaji wa moyo, akipumua kwa mashine, hatoki sawa na aliyekaa siku mbili. Misuli imenywea, ngazi tatu zinamtoa jasho. Usiku anaweweseka, mchana anasahau dawa. Akiwa nyumbani, maji yaweza kujaa mapafuni au kuuzunguka moyo, kidonda cha kifuani kikatunga usaha, mapigo yakavurugika. Mara nyingi dalili hutangulia: uzito kupanda ghafla, miguu kuvimba, homa. Lakini dalili inahitaji mtu wa kuambiwa.

Mtu huyo ndiye tunayemtafuta, Mheshimiwa. Mfano, aliyewekewa valvu ya chuma hunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote, na lazima apimwe INR, yaani kasi ya damu kuganda, mara kwa mara: dawa ikipungua nguvu, damu huganda kwenye valvu, ikizidi, anavuja damu. Sasa amerudi Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na shangazi mwenye huruma anamjazia kisamvu na mchicha ili aongeze damu. Mboga hizo zina vitamini K. Zikizidi ghafla, huipunguza nguvu dawa ileile. Mgonjwa alionywa siku ya kuruhusiwa, akiwa bado na usingizi wa ICU kichwani. Shangazi hakuonywa na mtu.

Huko Marekani, tangu Oktoba 2012, bima ya serikali ya Medicare huzikata malipo hospitali ambazo wagonjwa wake hulazwa tena kupita kiasi ndani ya siku 30. Upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo uliongezwa kwenye mpango huo baadaye. Sikuombi ukate, Mheshimiwa. Hospitali zetu zina nini cha kukatwa?

Naomba machache: kipimo cha INR, na mtu anayejua kukisoma, katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa, muuguzi wa kumpigia mgonjwa simu wiki ya kwanza, mazoezi tiba yaanzie wodini, na maelekezo yatolewe mbele ya ndugu anayempikia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, ibebe gharama za ufuatiliaji hukohuko mkoani.

Na katika hotuba yako ijayo ya bajeti, tutajie namba mbili: waliopasuliwa na waliolazwa tena. Ya kwanza tutaipigia makofi kama kawaida. Ya pili, kwa heshima zote, ndiyo tutakayokupimia kazi.

Wako mtiifu,
Mwananchi anayeuguza nyumbani