Una Hakika?

Aliyebuni kisanduku cha "Una hakika?" hajawahi kupanda taksi ya Arua kwenda Koboko, huku Uganda. Taksi hiyo haiondoki mpaka ijae, na ikijaa inaongeza watatu. Ukishabanwa pale dirishani, habari za kurudi ofisini kubofya kitufe uzisahau.

Nina kichumba changu Arua, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Hajati mmoja, mfanyabiashara wa Koboko, aliniletea stakabadhi 140 niziingize kwenye tovuti fulani (siitaji jina, bado inanilisha). Nikaona nitumie roboti, yaani programu ya kompyuta inayofungua kivinjari, inajaza fomu, inahifadhi, inaanza nyingine. Ijumaa jioni nikaiwasha, nikaenda zangu Koboko kwenye harusi ya binti wa Hajati huyo huyo.

Shekhe akamuuliza mwari kama ameridhia. Kimya. Kimya cha mwari ni ridhaa, wali ukapakuliwa.

Narudi Jumapili, umeme kwa maajabu yake haukukatika hata mara moja, na stakabadhi zilizoingia ni sifuri. Ile ya kwanza imejazwa vizuri, na juu yake kisanduku: "Una hakika unataka kuhifadhi?" Kikitokea hicho, ukurasa mzima unaganda mpaka mtu ajibu. Roboti ilikuwa imesimama siku mbili, kwa adabu, ikinisubiri. Nani, enyi waungwana, hujaza nafasi kumi na saba kisha akahifadhi kwa bahati mbaya?

Nikauliza wajuzi. Kumbe roboti hizi zina tabia kama mashemeji. Selenium, iliyoanzia Chicago mwaka 2004, zamani ilikuwa inajibu "Sawa" kwa kila swali, mpaka uikataze. Playwright ya Microsoft, ya mwaka 2020, usipoielekeza hukataa kila kitu, kama afande wa mpakani ambaye hajanywa chai. Yangu haikubali wala haikatai. Inangoja mwenye nyumba.

Basi nikaiamuru: kisanduku chochote, jibu "Sawa". Ikakimbia usiku kucha. Asubuhi stakabadhi zote ndani, nikala ugali wa enyasa na samaki wa angara kwa raha zangu. Saa nne simu ikalia.

"Mwanangu, magunia arobaini ya sukari nimeyaweka wapi mimi?"

"Hajati, si ni ishirini?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Mahali fulani usiku ule tovuti iliuliza swali la maana, la pekee kati ya yote: "Stakabadhi hii ipo tayari. Uiingize tena?" Roboti ikajibu kama nilivyoifunza. Na kufuta nako, bila shaka, kuna kisanduku chake.

Sasa nimemweka mpwa wangu mbele ya kompyuta. Roboti inajaza, yeye anasoma na kubofya. Namlipa shilingi 5,000 kwa siku, chai juu yangu.